Picha Zilizokawia Kutoka

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu ambao kazi yake ilikuwa kujaa. Ulianzia kushoto, ukasogea kidogo, ukasimama kama mtu anayefikiri, ukasogea tena. Mteja aliyekaa kwenye benchi la mlangoni hakuuona, lakini aliuona uso wangu, na kwa uso wangu alijua kama aendelee kukaa au aende kwanza sokoni akanunue chumvi.

"Mwali hajatoka?" aliuliza Fundi kila alipopita nyuma yangu.

"Bado, Fundi."

Huo ndio ulikuwa msemo wetu. Picha ikishakamilika ndani ya programu ilibidi itolewe, yaani igeuzwe kuwa faili jepesi ambalo printa italikubali. Kwa kuwa kwetu vijana waliokuwa jandoni na wasichana waliokuwa unyagoni huitwa wali, na husemwa wametoka siku wanaporudishwa nyumbani, Fundi aliiita kila picha mwali. Mwanzoni tulikuwa tukicheka. Baadaye, wali walipokawia mno, tukaacha kucheka lakini neno likabaki.

Studio ilikuwa Newala, jirani na soko, chumba kimoja kilichopakwa chokaa. Fundi ndiye aliyekuwa mwenye nayo, na mji mzima ulimwita hivyo. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa filamu. Akishapiga, filamu ilishuka Masasi kusafishwa, na mteja akasubiri mpaka mtu wa kuaminika apande na picha. Kisha biashara ya nje ikafunguliwa, na vitu vya mitumba vikaanza kupanda mlima kuja kwetu, nguo kwanza, kisha redio, kisha mafriji, na mwishowe kompyuta. Fundi aliuza korosho za msimu mzima, akanunua moja pamoja na kamera ya dijitali na printa. Alikaa Masasi kwa jamaa yake mmoja akichungulia begani kwake jinsi programu ya picha inavyoendeshwa. Aliporudi aliniambia, "Nimeielewa. Ni studio ndani ya studio."

Mimi alinichukua nifagie na kupokea wateja. Alipogundua mkono wangu hautetemeki aliniweka kwenye kipanya, niwe ninamkata mtu kutoka kwenye picha yake, kuzunguka nywele na mabega, kisha nimhamishie mbele ya maporomoko ya maji au maghorofa ya Dar es Salaam. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyomwonyesha. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, na hapa palikuwa na kitu ambacho kila siku kilinipa swali.

Shule niliiacha kwa sababu ya wadogo zangu. Baba alitangulia, mama akafuata kabla nguo za msiba wa baba hazijachakaa. Siku ya arobaini ya mama wazee walikaa, na mwenye neno alikuwa mjomba, kaka yake mama, mkulima wa Lulindi. Kwetu watoto ni wa ujomba, hilo halina ubishi. Alisema atawachukua wadogo zangu watatu, na mimi nibaki na bibi mdogo Kitangari.

Nilisema, "Shikamoo mjomba. Naomba nikae nao mimi."

"Marahaba. Utawalisha nini?"

"Nitatafuta kazi."

Alinigeukia. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu mtu mkali unaweza kumchukia. "Basi," alisema, "msimu wa wali wa mwaka kesho ukifika nitakuja. Nikikuta una kazi ya kueleweka, watabaki. Nikikuta huna, nitaondoka nao, na wewe usione aibu. Utakuwa umejaribu."

Kazi niliipata. Maisha ya nyumbani yalikwenda. Mdogo wangu wa kike alijifunza kupika ugali usio na mabonge, wa kiume akajifunza kuwahi foleni ya maji, na kitindamimba akajifunza kulala bila kuniuliza mama yuko wapi. Lakini kadiri msimu wa wali ulivyokaribia, ndivyo mstari wa buluu ulivyozidi kutambaa. Picha ambayo mwanzoni ilitoka mteja akiwa bado anafunga vifungo, sasa mteja alienda kusaga mahindi, akarudi na unga, akatukuta tumekodoa macho.

Siku moja Fundi alivua kofia akaiweka juu ya kompyuta, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Siku ya wali kutoka," alisema, "watu watakuja na vijana wao kutoka huko vijijini, nguo mpya, miavuli, miwani, na jua likigeuka wanataka kurudi kwao na picha mkononi. Hawatarudi kesho. Kesho mwali keshavaa nguo ya shamba. Kama mashine hii haitaweza siku hiyo, naishusha Masasi, apatikane wa kuinunua. Mimi nitarudi kwenye filamu yangu."

"Na mimi, Fundi?"

Alichukua kofia yake. "Filamu naiweza peke yangu, mwanangu. Unajua hivyo."

Nilijua. Nilijua pia ni nani mwingine angekuja msimu huo huo.

Fundi alianza na vumbi. Vumbi la Newala ni jekundu na linaingia hata ndani ya yai, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Akaivisha kompyuta kanga ya mkewe. Ikawa moto kiasi kwamba paka wa jirani alihamia juu yake. Akaivua kanga, akasema tatizo ni joto, akaleta beseni la maji akaliweka miguuni mwa meza ili chumba kipoe. Mkewe aliingia akaliona.

"Baba watoto, haya ni maji gani?"

"Ya kupoza."

"Ya kupoza! Nimeyabeba kichwani, wanao hawajaoga, wewe unainywesha kompyuta!"

"Haiyanywi, mke wangu. Inayatazama tu."

"Basi iyatazame yakiwa kwenye ndoo yangu." Akaondoka nayo, na mbele ya mlango aligeuka akaniambia, "Na wewe unamwangalia tu. Mtu mzima akianza kuongea na chuma, mpe pole mkewe."

Baada ya joto Fundi alishtaki umeme. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mashine ya kusaga, na ilipoanza kunguruma taa yetu ilisinyaa. Fundi aliamini mashine ile inatuibia nguvu. Alikwenda kumwomba mwenye nayo aizime wakati sisi tunatoa picha. Nilisikia jibu kupitia ukutani.

"Niizime watu walale na njaa, ili wewe utoe picha za watu walioshiba?"

Lakini Ijumaa mchana mashine ile ilizimwa kwa ajili ya sala, nami nikaona hapo kuna nafasi ya kujua. Nilitoa picha moja mashine ikisaga, kisha nikaitoa ileile kukiwa kimya. Taa iling'aa, mstari ukatambaa vilevile. Nilifurahi, na sikuelewa kwa nini nafurahi wakati tatizo lilikuwa palepale. Sasa nadhani najua. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na jambo moja ambalo nilikuwa na hakika silo tatizo.

Tulimwita fundi wa kompyuta, akapanda kutoka Masasi. Alifungua kasha, akatoa vumbi la kutosha kuotesha mchicha, akafunga. Alisema kumbukumbu ya mashine ni ndogo, inaweza kuongezwa, ila kipande chenyewe kingetoka Dar, na hakitafika kabla ya msimu. Yote hayo yalikuwa kweli. Alipokuwa akinawa mikono nilimsimulia habari ya mashine ya kusaga. Hakunicheka.

"Endelea hivyohivyo," alisema. "Badilisha kitu kimoja, halafu tazama. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ukipona hutajua dawa ipi imekuponya."

Maneno hayo niliyabeba kama mtu abebavyo mtungi uliojaa.

Nilianza kutazama nilichokuwa nikikiona kila siku bila kukitazama. Picha za pasipoti, zile za kitambaa cha buluu, zilitoka mara moja. Siku zote zilitoka mara moja. Nilikuwa nikidhani ni kwa sababu ni ndogo. Basi nikamwomba mama mmoja muuza samaki wakavu, aliyekuja kwa picha ya pasipoti, anisubiri kidogo.

"Unanifanyia nini?"

"Nataka kukukuza, mama."

"Nikuzwe tena? Hata hivi mlango wako nimeupita kwa ubavu."

Nikamkuza akajaa kioo kizima, na nikamtoa. Akatoka mara moja. Kumbe si ukubwa. Kisha nikamchukua mama yuleyule, kwa ukubwa uleule, nikampeleka kwenye ukurasa wetu wa mapazia, yaani zile mandhari za nyuma ya mtu, nikamsimamisha mbele ya maporomoko ya maji. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa. Mama akachungulia, akajiona kando ya maji mengi kuliko aliyowahi kuyaona Newala nzima, akasema, "Hapo ndipo unisimamishe siku zote." Lakini mimi nilikuwa nimeshika mdomo. Mashine iliweza. Mtu hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ndani ya ukurasa wa mapazia.

Ukurasa huo aliutengeneza Fundi mwenyewe, aliporudi kutoka Masasi. Mimi niliukuta. Kila mteja wa pazia alipita humo: tunafungua ukurasa, tunaweka pazia analolitaka, tunamweka yeye mbele yake, tunamtoa, tunahifadhi, tunafunga. Nikaanza kuuangalia uzito wake, kwa sababu programu huandika uzito wa kila faili kwa wanaotaka kujua. Asubuhi uzito mmoja, jioni mwingine, kesho yake umepanda tena. Haukushuka hata mara moja. Nilijiuliza, kwa nini ukurasa wa leo ni mzito kuliko wa jana, ilhali zote mbili zina mtu mmoja na maporomoko yaleyale?

Upande wa kulia wa kioo kulikuwa na kisanduku kinachoorodhesha vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kwenye picha. Programu inaviita tabaka, Fundi aliviita mapazia. Kisanduku kilikuwa kimebanwa chini kabisa ya kioo, kikionyesha vitu vichache tu, na tangu siku ya kwanza nilikuwa nikifanya kazi na vile vya juu. Siku ile, Fundi akiwa amekwenda kupiga picha harusi, nilishika ukingo wake kwa kipanya nikauvuta. Kikarefuka. Nikavuta tena. Kikafika juu ya kioo na bado kando yake kulikuwa na kimshale kinachosema kuna vingine chini. Nikashuka nacho, nikashuka, nikashuka.

Mbele ya kila tabaka kulikuwa na alama ya jicho. Ukibonyeza jicho, tabaka linafichika. Nilifumba jicho la mteja wa mwisho, akatoweka. Nikafumba pazia lake. Nyuma yake nilitegemea weupe mtupu. Badala yake nikakuta maporomoko mengine, na mbele yake bwana mmoja na baiskeli mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi za dukani. Nikamfumba. Nyuma yake palikuwa na maghorofa, na bibi harusi wa Kitangari ambaye nilimkata mwenyewe, nikakumbuka jinsi shela lake lilivyonisumbua. Nikamfumba na yeye. Nyuma yake mwalimu wa madrasa na wanawe. Nyuma yao mapacha. Nyuma yao ajuza mwenye ndonya, kile kipambo cha mti, mdomoni, ameshika bakora, anatazama kamera kana kwamba imemkosea adabu.

Sikuweza kuacha. Nilikuwa kama mtu anayefungua milango ya nyumba moja na kila chumba kina wenyeji. Watu wote tuliowahi kuwasimamisha mbele ya pazia walikuwa bado wamesimama humo, mmoja nyuma ya mwingine, kimya, na nguo zao nzuri.

Fundi aliporudi nilimwonyesha. Alivuta kiti akakaa.

"Sasa kuna ajabu gani?" aliuliza. "Si ndivyo mapazia yalivyo?"

Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa studio, na hapo nikaona alichokuwa akikiona yeye. Kwenye ufito mmoja wa mbao yalining'inia mapazia yake ya zamani yaliyochorwa kwa rangi ya mafuta. Bustani ya maua nyuma kabisa, juu yake maghorofa, juu yake maporomoko. Hakuwahi kuteremsha pazia hata moja. Alipopata jipya alilitundika juu ya la zamani, na mteja akitaka la nyuma, aliyaviringisha ya mbele. Alipopata kompyuta aliitundikia vilevile.

"Mapazia sawa, Fundi. Lakini watu? Kwa nini hukuwafuta?"

"Nimfute nani?" Aliinuka kidogo kitini. "Huyu?" Alimgusa ajuza mwenye ndonya kwenye kioo. "Huyu tumemzika baada ya palizi. Nimfute mimi? Wanawe wakija wakaniuliza, mama yetu yuko wapi, niseme nimembonyeza akaisha? Mtu akishasimama mbele ya kamera yangu, mwanangu, mimi simwondoi. Namfunika tu, mwenzake apite."

Mimi nilikuwa na wazazi wawili marehemu na picha moja tu yao, ndogo, iliyokunjwa katikati. Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

"Lakini kompyuta inawabeba wote," nilisema. "Kila tukitoa mmoja, inawanyanyua wote."

"Inawanyanyuaje? Hawaonekani."

"Hawaonekani kwetu. Yenyewe inawaona."

Alisogea karibu na kioo. Akautazama ule msururu wa macho madogo upande wa kulia, akaushusha kwa kidole hewani kama anayehesabu mbuzi, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Maskini," alisema. "Mwali mmoja anatoka na kijiji kizima nyuma yake."

Sikufuta mtu. Nilinakili ukurasa wote kwenye diski, nikaipa Fundi aiweke kabatini pamoja na negativu zake, naye akaiviringishia kitambaa. Kisha nikafungua ukurasa mpya kabisa, nikatundika pazia moja, maporomoko, na mbele yake nikamsimamisha yule mama wa samaki wakavu. Nikabonyeza.

"Imekataa?" Fundi aliuliza.

"Imetoka."

"Haijatoka. Sijaona mstari."

"Imetoka, Fundi. Mstari haukupata nafasi."

Hakuamini mpaka printa ilipoanza kumtema mama yule kuanzia kilemba.

Siku ya wali kutoka, ngoma zilisikika tangu alfajiri. Asubuhi ilipochangamka, barabara ya sokoni ilikuwa imejaa miavuli. Chini ya kila mwavuli kulikuwa na msichana aliyefunikwa kanga mpya au kijana mwenye suruali yenye mikunjo ya dukani, na pembeni yake somo wake, yule mtu mzima aliyekuwa akimwangalia huko jandoni au unyagoni. Mwali haruhusiwi kuinua macho, hivyo picha zote za siku hiyo ni za watu wanaotazama vidole vyao vya miguu. Mimi nilikuwa nje napiga, kwa kuwa mlango haukutosha. Fundi, aliyetaka kuishika mashine mwenyewe siku hiyo, alikuwa ndani anawaweka mbele ya pazia na kuwatoa. Benchi lilijaa na kumwagika kila dakika, huku watu wakizungumza Kimakonde, Kimakua na Kiyao, mpaka nikasahau kuogopa.

Jua lilipokuwa utosini nilimwona mjomba. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, ameweka magotini begi kubwa la turubai. Begi lilikuwa tupu. Nilielewa ni la nguo za nani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Fanya kazi yako, mimi nipo."

Wakati huohuo nikasikia somo mmoja akisema kwa sauti, "Jamani, mwenzetu wa mbele tangu lini anangoja? Humu mnatoa picha au mnamtoa meno?"

Niliingia ndani. Fundi ameshika kichwa. Kwenye kioo mstari wa buluu ulikuwa umesimama.

"Imerudi," alisema kwa sauti ya chini. "Asubuhi ilikuwa inakimbia. Imerudi ileile."

Nyuma yangu mlango uliingia giza. Mjomba alikuwa ameinuka na kusimama kizingitini na begi lake, aone kinachoendelea. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kile kisanduku cha kulia ukakivuta. Kikarefuka. Nikashuka nacho. Wali wa asubuhi nzima walikuwa humo, miavuli juu ya miavuli, wote wametazama chini.

"Fundi, ulikuwa unaweka mpya juu ya wa zamani?"

"Nitaweka wapi kwingine?" Kisha akasikia alichokisema mwenyewe. Akafumba macho. "Mkono," alisema. "Mkono umezoea."

Mstari ulipomaliza nilifunga ukurasa ule nikaupa jina la siku hiyo, ubaki na watu wake. Nikafungua nakala tupu ya pazia.

"Tufanye hivi," nilimwambia. "Kila mwali na chumba chake. Tukimtoa, tunafunga chumba kwa jina lake, na mwenzake anafunguliwa kingine kitupu. Hafutwi mtu. Ila hawalali kitanda kimoja."

"Chumba chake mwenyewe?"

"Chake. Wanawe wakija siku moja, unawafungulia."

Fundi alilitafakari hilo, na niliona limemwingia mahali ambapo maelezo yangu ya uzito hayakuingia. "Hapo sawa," alisema. "Kaa wewe. Mimi nitapiga nje. Mkono wangu haufai humu leo."

Nilikaa. Wali walitoka. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja na maporomoko yake, na somo aliyekuwa akilalamika alipokea picha kabla hajamaliza kutafuta pesa kwenye pindo la kanga, akanung'unika kwamba sasa tunamharakisha. Mjomba hakurudi kwenye benchi. Alisimama nyuma yangu muda wote, na begi lake tupu mara kwa mara liligusa mgongo wangu.

Jua lilipogeuka na barabara kuanza kupungua watu, alisema, "Nimesikia ukimwambia hawafutwi. Hawa wa nyuma ni kina nani?"

Nikamweleza kwa kifupi habari ya ukurasa wa zamani, nikidhani ataridhika. Hakuridhika. Mjomba ni mtu wa kuchimba mhogo mpaka mzizi wa mwisho.

"Na wa chini kabisa ni nani?"

"Sijui, mjomba. Sijawahi kufika."

"Hujawahi kufika?" Alinitazama kana kwamba nimeacha shamba katikati. "Fungua tuone."

Fundi alitoa diski kabatini, akaifungua kitambaa. Ukurasa ule wa zamani ulichukua muda wake kufunguka, na safari hii tulikaa kuungoja kwa hiari, watu wazima watatu mbele ya mstari wa buluu. Wadogo zangu nao waliingia kunifuata kwa chakula, kitindamimba akapanda magotini mwa mjomba bila kuulizwa. Nikaanza kufumba macho ya tabaka. Fundi aliwataja waliopita. Huyu alihamia Masasi. Huyu kapata wajukuu. Ajuza mwenye ndonya alipotokea mjomba alimwamkia shikamoo, nusu mzaha, nusu kweli.

"Sasa wewe," aliniuliza mjomba huku akitazama kioo, "hii ikianza tena kukawia, utajuaje?"

"Nitabadilisha kitu kimoja kimoja mpaka nikipate."

"Na mwenye studio akija kusema hakuhitaji tena?"

Fundi alijibu kabla yangu. "Asemaye nani? Mimi mkono wangu umeshaniharibia siku mara moja. Huyu akiondoka, na mashine inaondoka."

Mjomba alininyooshea kidole kwenye kioo, niendelee. Tukafika chini. Nilifumba jicho la mtu wa mwisho, na nyuma yake kulikuwa na bustani ya maua, na mbele ya maua kiti cha mbao kitupu. Fundi alikuwa amekiweka siku ya kwanza kujaribu, kabla hajapata mteja.

"Tumengoja yote haya kuona kiti?" mjomba alisema.

Wadogo zangu walicheka mpaka kitindamimba akateleza magotini. Mjomba alisimama, akalikunja begi lake mara mbili, akalibana kwapani.

"Basi tupigeni," alisema. "Wote watano. Mbele ya maji hayo."

Tulisimama mbele ya mapazia ya Fundi, mjomba katikati. Alipoona picha imetoka kabla hajavaa vizuri kofia yake aliishika picha kwa ncha za vidole, akaipeperusha kukausha wino ambao ulikuwa tayari umekauka. Kwenye begi, mdogo wangu wa kike alimtilia njugu mawe za shamba letu, za kwenda nazo Lulindi. Picha hakuiweka humo. Aliiingiza ndani ya shati, akashuka stendi peke yake.